Muulize Bibi Nesi: Viatu vya mazoezi viko mlangoni vinanitazama

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja, kila moja kwa njia yake: nifanye nini niishi miaka mingi, na miaka yenyewe iwe na ladha? Nimechagua tano. Nimezifupisha kwa sababu ya nafasi, ila maneno makali nimeyaacha kama yalivyoandikwa. Ninyi mkinisema, wasomaji wengine hufurahi.

*Shikamoo Bibi Nesi. Nina miaka 47, ni mhasibu, nakaa kwenye kiti kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mwanzoni mwa mwaka nilinunua viatu vya mazoezi na saa ya kuhesabu hatua, nikajiwekea lengo la hatua 10,000 kwa siku. Wiki ya kwanza nilifika. Ya pili nikaanza kuyumba. Sasa saa iko kwenye droo na viatu viko mlangoni vinanitazama. Siku nikijitahidi sana napata hatua 5,000, na mke wangu ananicheka. Kuna faida yoyote hapo, au niache tu? — Mhasibu aliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Nenda kaitoe hiyo saa kwenye droo. Hizo hatua 5,000 unazozidharau zina thamani kuliko unavyodhani.

Namba 10,000 haikutoka kwa madaktari. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilianza kuuza kifaa cha kuhesabu hatua, ikakitangaza kwa namba hiyo. Ni namba ya kuvutia, haisahauliki, basi ikazunguka dunia nzima kabla mtu hajaipima sawasawa. Walipokuja kuipima, picha ikawa tofauti. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walitoa matokeo ya wanawake zaidi ya 16,000, wenye wastani wa miaka 72. Waliokuwa wakitembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 41 kuliko waliotembea kama 2,700. Faida iliendelea kupanda mpaka kwenye hatua kama 7,500 hivi, kisha ikatulia. Ni kweli kwamba mtu mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, kwa hiyo si haki kuupa mwendo sifa yote. Na wewe si mwanamke wa miaka 72. Lakini angalia pengo kubwa liko wapi: liko kati ya anayekaa tu na anayetembea kidogo. Hapo ndipo ulipo wewe, na tayari umeshavuka.

Kinachonisumbua zaidi kwenye barua yako ni kile kiti. Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Jerry Morris, alichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa watu wa tabaka moja, wakifanya kazi kwenye mabasi yaleyale. Tofauti ni kwamba dereva alishinda amekaa na kondakta alishinda anapanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva, na walioupata hawakufa nao haraka kama wenzao. Baadaye Morris akaenda kuangalia vipimo vya sare, akakuta viuno vya suruali za madereva ni vipana zaidi. Napenda sana hiyo ya suruali. Maana yake huenda wanene ndio waliokuwa wakichagua usukani tangu mwanzo, naye hakuificha, aliitangaza mwenyewe. Hata hivyo tafiti za baadaye ziliendelea kuelekea kulekule.

Wale makondakta hawakuwa na viatu vya mazoezi wala saa. Mwendo ulikuwa ndani ya kazi, hawakuhitaji kujilazimisha. Na wewe fanya hivyo. Simu ikiita, simama, uongee ukiwa unatembea. Kunywa maji kwa kikombe kidogo ili uinuke mara nyingi kwenda kujaza. Ukitaka kumuuliza mwenzako swali, mfuate mezani kwake badala ya kumtumia ujumbe. Utanyoosha miguu na utapata na mawili matatu ya kucheka. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli siku mbili au zaidi. Wastani utaujua hivi: unaweza kuongea, lakini ukijaribu kuimba pumzi inakatika. Kwenye mwongozo wao wa 2020 waliondoa lile sharti la zamani la dakika kumi mfululizo. Dakika tatu za ngazi zinahesabiwa.

Na usijihukumu kwa wiki moja mbaya. Watafiti wa University College London walifuatilia watu 96 wakijijengea zoea jipya. Wengine waliizoea tabia ndani ya siku 18, wengine makadirio yao yalifika siku 254, na wa katikati alichukua siku 66. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo anayekwambia zoea hujengeka kwa siku 21 anakuchangamsha tu.

Kuhusu mkeo: akicheka, mvalishe viatu na yeye, mtoke wote baada ya chakula cha jioni. Ukiwa na mtu wa kukungoja mlangoni, udhuru hupungua sana.

*Bibi Nesi, shikamoo. Nina miaka 62, nimestaafu mwaka jana. Presha yangu nzuri, sukari nzuri, watoto wamejitegemea. Daktari kaniambia kwa hali hii nitafika 90. Nilitoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia. Nifike 90 nikifanya nini? Naamka, nafagia, nawasha televisheni, usiku naizima. Marafiki zangu wote walikuwa wa kazini. Kila mtu ananiambia nitafute furaha. Inatafutwa wapi? — Mama wa televisheni*

Marahaba, mdogo wangu. Nikuulize kwanza kama ningekuuliza wodini. Je, hata vitu ulivyovipenda sasa havikugusi? Usingizi umepotea au umezidi, chakula hakipiti, unajiona huna maana, na hali hii ipo karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi? Kama ni ndiyo, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo inatibika. Rudi kwa daktari wako umwambie maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, hasa lile la kutoka pale umechoka. Na kama wazo la kutokuwepo duniani limeanza kukutembelea, usisubiri miadi, nenda leo.

Kama si hivyo, basi nieleze Jumanne yako. Watu wakizungumzia furaha hunitajia harusi, safari, wajukuu wakija likizo. Sawa, lakini hizo ni siku chache kwa mwaka. Mimi nataka kujua Jumanne, saa nne asubuhi, uko na nani? Katika barua yako yote sikuona mtu hata mmoja isipokuwa daktari.

Nilipokuwa wodi ya mifupa tulikuwa na mzee fundi saa aliyevunjika nyonga. Chini ya mto wake kulikuwa na saa ya mkononi imefungwa kwenye kitambaa, mali ya mteja. Kila asubuhi aliifungua, akaitazama, akaifunga. Mtaalamu wa viungo akimwambia aende mpaka ukingo wa kitanda, yeye huenda mpaka dirishani, jasho linamtoka, analalamika kwamba kuna mtu anaingoja saa yake na sisi tunamchelewesha. Vitanda viwili pembeni yake alilala mwanamume mwenye umri mdogo kuliko yeye, mvunjiko wenye unafuu kuliko wake, na hakuwa na haraka ya kwenda popote. Sitakudanganya kwamba saa ndiyo iliyounga mfupa. Ila anayengojwa mahali hujitahidi kwa namna ambayo sisi wauguzi hatuwezi kumlazimisha mtu.

Haya si maneno ya kijiweni tu. Mwaka 1938 watafiti wa Harvard walianza kufuatilia vijana wa kiume 268 wa chuo hicho, na baadaye kazi hiyo ikaunganishwa na ya wavulana 456 wa mitaa ya kimaskini ya Boston. Wamewafuata mpaka uzeeni, na sasa wanawafuata watoto wao. Robert Waldinger, anayeuongoza utafiti huo, amekuwa akieleza kwamba kuridhika na mahusiano katika umri wa miaka 50 kulionyesha nani angekuwa mzima akiwa na 80 vizuri kuliko kiwango cha kolesteroli. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake wakajumlisha tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakakuta wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kuwa hai uliozidi wa wenzao kwa asilimia 50 katika kipindi walichofuatiliwa. Daktari wako alipima presha na sukari. Hili halina kifaa cha kupimia, kwa hiyo hakulipima.

Fanya mambo mawili wiki hii. Chagua mmoja tu kati ya wale wa kazini, umpigie. Usimwambie "tutafutane", maana hilo ni neno la kuagana. Taja siku na saa. La pili, tafuta kazi ndogo ambayo usipotokea mtu atauliza uko wapi: kumsikiliza mtoto wa jirani akisoma, kwaya, kumwagilia bustani ya mahali pa ibada, kumsomea barua mzee asiyeona. Iwe ndogo kiasi cha kukuchosha kidogo tu, na iwe na siku yake maalumu.

Kuhusu kutafuta furaha kubwa, mwaka 1978 wanasaikolojia wa Marekani waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois. Hawakuwa na furaha iliyowapita sana majirani zao wasioshinda chochote, na mambo madogo kama kupiga soga na rafiki au kupata kifungua kinywa yalikuwa yamepungua utamu kwao. Ni kikundi kidogo, siwezi kujenga dini juu yake, lakini nimeona sana jambo hilo katika maisha. Tunazoea. Dawa ya kuzoea ni kubadilisha kidogo na kutoharakisha. Hebu kesho kunywa chai televisheni ikiwa imezimwa, ukae upande mwingine wa meza, ule wa dirishani. Utaona vitu. Watu watakwambia uandike kila siku mambo ya kushukuru. Ukipenda, andika mara moja kwa wiki. Kila siku hugeuka kazi ya shule, na wewe umestaafu.

Halafu miguu. Kwa miaka 62 na kiti cha televisheni, naomba leo ujaribu kuinuka kitini bila kutumia mikono. Ukiweza, rudia mpaka mapaja yaanze kulalamika, na ufanye hivyo kila matangazo ya biashara yakianza. Matangazo yapate na yao faida. Ukipiga mswaki, simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta wa kushika. Kuanguka ndiko kunakowatoa wazee wengi katika maisha yao ya kujitegemea, na kuanguka huko huanza kwa miguu iliyoachwa.

*Bibi Nesi, mume wangu ana miaka 58 na anavuta pakiti nzima kwa siku. Nikisema, ananijibu mambo mawili: babu yake alivuta mpaka akafa na miaka 91, na yeye kwa umri huu ameshachelewa. Nimjibuje? — Macho yanawasha*

Mpe hili asome mwenyewe. Binadamu aliyeishi miaka mingi kuliko wote kwa rekodi zilizothibitishwa ni Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, naye alivuta sigara kwa miaka mingi. Kwa hiyo babu ana mwenzake. Lakini tunamjua Calment kwa jina kwa sababu yuko peke yake. Wavutaji wengine mimi niliwafunga mashine ya oksijeni, na hakuna anayewataja kwenye mabishano ya sigara.

La pili ndilo lenye uzito, na jibu lake lipo tangu zamani. Kuanzia mwaka 1951 Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza, na matokeo ya miaka 50 yakatoka 2004. Waliovuta maisha yao yote walipoteza takriban miaka 10. Walioacha wakiwa na 30 waliirudisha karibu yote. Wakiwa na 40, miaka 9. Wakiwa na 50, miaka 6. Wakiwa na 60, miaka 3. Mumeo ana 58. Miaka mitatu ni mjukuu kuanza shule.

Wewe acha kumsema kila siku, hakusaidii. Mwache achague tarehe mwenyewe. Aende kwa mfamasia au daktari aulize vibandiko vya ngozi na vile vya kutafuna vyenye nikotini, maana kuacha kwa ubishi peke yake huwashinda wengi. Na usimnyang'anye zile dakika tano za kutoka nje, kuegemea ukuta na kuongea na wenzake. Nusu ya utamu wa sigara uko hapo. Atoke, aegemee, aongee. Sigara tu ndiyo ibaki ndani ya pakiti.

*Mambo Bibi? Nina miaka 26, nataka kuishi mpaka 100. Nimeona vidonge vingi mtandaoni vya kurefusha maisha. Kipi ni bora? Nalala saa tano kwa usiku, ila najisikia poa. — Kijana wa mia*

Poa, mjukuu wangu. Hakuna. Mpaka leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kumrefushia maisha mtu mzima asiye na ugonjwa. Hiyo pesa nunua godoro.

Saa tano hazikutoshi. Mtu mzima anahitaji saba au zaidi, na aliyezoea kulala kidogo ndiye wa mwisho kujua kwamba amepungukiwa. Simu ichajiwe chumba kingine, ununue saa ya mezani ya kukuamsha. Kahawa iishe mchana, kwa sababu hata saa tano hivi tangu uinywe, nusu ya kafeini, kile kichangamsho chake, bado inazunguka mwilini. Amka saa ileile hata siku za mapumziko. Mengine tutaongea ukifika 90.

*Bibi Nesi, nakusoma kila mwezi na mara nyingi nakasirika. Nina miaka 39. Namtunza mama yangu aliyepooza upande mmoja, nina watoto wawili, na nafanya kazi. Wewe unasema "tembea", "mpigie rafiki", "lala kwa saa saba". Hizo saa saba nitazilala saa ngapi? Furaha ni ya watu wenye nafasi. — Nimechoka kwelikweli*

Kasirika, mwanangu, una haki. Ushauri mwingi wa afya unaandikwa kana kwamba kila mtu ana jioni yake mwenyewe. Sitakuongezea kazi hata moja. Nataka nikupunguzie.

Kwenye barua yako ndefu, ambayo hapa nimeikata, umetaja kaka na dada, na umesema "wanajua hali yetu". Kujua hakuoshi mtu. Watu wengi hawasaidii kwa sababu "mkipata nafasi njooni" haina mlango wa kuingilia. Mwandikie kaka yako hivi: "Jumamosi saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja njoo ukae na mama. Amekwishakula, dawa ni saa kumi, kidonge kimoja cheupe." Atakuja akiwa anaogopa. Mwonyeshe namna ya kumgeuza: asimvute mama kwa ule mkono uliopooza, bega litaumia, aweke mkono mmoja nyuma ya bega na mwingine kwenye nyonga, amwambie anachotaka kufanya kabla hajakifanya, ndipo amgeuze. Mara ya tatu hatahitaji kuonyeshwa. Akifanya tofauti na wewe lakini mama yuko salama, nyamaza. Hapo ndipo watunzaji wengi hushindwa. Humrudisha msaidizi kwao kwa kumkosoa jinsi alivyokunja shuka.

Hizo saa mbili usifue nguo. Lala. Kama huwezi kulala, toka nje ya nyumba.

Kukasirika na mama wakati mwingine hakukufanyi mtoto mbaya. Nimeyasikia hayo kwa mabinti waliokuwa wakiwatunza wazazi wao vizuri kuliko sisi tuliolipwa. Pia kuna muda ambao mnao tayari: mkiwa mnaoga, mnalishana, mnachana nywele. Weka muziki anaoupenda yeye wa ujana wake, umuulize alikuwa anaucheza na nani. Huenda ulimi wake ni mzito tangu apooze, lakini wapo wanaoshindwa kuongea na bado wakaimba. Jaribu. Unaweza kumpata mama yako kwa dakika kumi, ukamsahau kidogo mgonjwa.

Ombi langu moja, na hili halihitaji siku nzima. Siku ya kumpeleka mama kliniki, vua na wewe sweta upimwe presha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu duniani hawajui kwamba wanayo, na haina maumivu ya kukutaarifu. Kaa kimya dakika tano kwanza, miguu chini, mkono juu ya meza. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, usiondoke hapo bila kupangiwa siku ya kurudia kipimo. Kisha niandikie, uniambie namba zote mbili na kama kaka alikuja.